Mwenye Gari ni Kabichi

Shemeji yangu ni mhasibu, na likizo huipanga kama mahesabu ya kufunga mwaka. Alipotushawishi mimi na dada twende kutembea milima ya Usambara kwa mabasi ya abiria, hakuna kukodi gari, alitugawia ratiba iliyochapwa: saa, kituo, nauli, dharura. Kwenye dharura alijaza sifuri kila mstari.

Kutoka Mbezi hadi Mombo ratiba haikumwangusha. Chalinze, Segera, Korogwe, kote alikuwa akitia tiki. Mombo ndipo basi linapoiacha barabara kuu ya kwenda Moshi na kuanza kukwea kuelekea Soni na Lushoto, na hapo konda alipita akigawa vifuko bila maelezo. Shemeji akashukuru, akaweka tiketi yake ndani isichafuke. Kona zikaanza, huku ukuta wa mwamba, huku bonde. Kabla hatujafika Soni, tiketi ilikuwa imeshatolewa ndani ya mfuko, kwa haraka sana.

Lushoto ni baridi tamu, na matembezi ya kwenda Irente hayahitaji gari. Yanahitaji tu usiamini mtu akikwambia "ni hapo tu, nyuma ya kilima kile." Shemeji alipanda na fimbo mbili za kitalii, moja kila mkono. Bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni kichwani alitupita, akageuka, akamtazama kwa huruma. "Pole mwanangu. Umeanza kuumwa lini?"

Kasheshe ilikuwa safari ya kijiji cha Mtae, huko juu milimani. Ratiba ilisema: kupanda saa 2 asubuhi, kurudi Lushoto saa 11 jioni. Saa 2 stendi ilijaa magari, yote yakishusha watu kutoka juu. La kupanda hakuna. Mpiga debe mmoja akatuonea imani. "Mzee, gari za juu zinalala juu. Alfajiri zinashuka na watu na mboga, mchana ndiyo zinapanda."

Ukifikiri, wana haki. Mkulima wa Lukozi au Mlalo ana kabichi, karoti na nyanya zinazotakiwa sokoni mapema, na akishauza anataka kurudi kwake na sukari na mafuta ya taa. Anayetaka kupanda asubuhi na kushuka jioni ni mgeni, naye habebi hata fungu la karoti. Kwa hiyo Mtae hakuna kwenda na kurudi siku moja. Unalala, na unauliza gari la kushuka kabla hujauliza kitanda.

Mchana tukapata gari. "Bado wawili tuondoke!" konda alipaza sauti saa 7. Saa 8 walikuwa bado wawili, ingawa walishaingia watu wanane na godoro. Tulifika jioni. Mtae imekaa juu ya ukingo, na chini yake tambarare ya Mkomazi imetandazwa mpaka macho yanachoka. Dada alitoa simu apige picha. Shemeji alitoa ratiba.

"Gari la kushuka saa ngapi?" akamuuliza mwenye nyumba ya wageni.

"Saa 10."

Uso ukamchangamka, akatia tiki. "Saa 10 jioni, vizuri sana."

"Alfajiri," alisema yule mama, akaenda zake kutafuta mablanketi.

Honi ilipolia kulikuwa giza totoro. Viroba vya kabichi vilishapakiwa zamani. Sisi tuliingizwa kwenye nafasi zilizobaki. Shemeji alipata siti, na mbele ya siti tenga la nyanya.

"Mzee, inua miguu, utaponda nyanya za watu."

"Nimelipa nauli, kijana!"

"Nyanya nazo zimelipa," konda akamjibu kwa upole, "halafu wewe hupondeki."