Kazi Isiyo na Tarehe ya Mwisho

Laini Saba, Kibera

Jumatatu, 24 Machi 2025

Kampuni ya Berlin niliyoiomba kazi ilitaka nijirekodi kwa video nikijibu maswali yao, kila jibu dakika mbili, mwisho saa sita usiku. Ya mwanzo yalikwenda vizuri. Nilipofika kwenye la mwisho, kwa nini unaitaka kazi hii, mvua ikashuka. Masika yameingia, na nyumba yetu ni mabati bila dari. Nilipoisikiliza rekodi, midomo inacheza na kinachosikika ni mabati. Mtambo wao haurudii: ukishabonyeza kumaliza, jibu limekwenda.

Hilo ndilo jibu nililotaka walisikie kuliko mengine yote, kwa hiyo naliweka hapa. Tangu nianze kuandika programu kwa malipo nimefanya kandarasi za miezi mitatu mitatu. Kandarasi haina likizo wala bima, na ukiugua wiki nzima, wiki hiyo hailipwi. Zikikatika kabisa ninakwenda na mama kufua nguo kwenye nyumba za Lang'ata. Lakini linaloniuma zaidi ni kuacha kazi njiani. Unaujenga mfumo, unauzoea, unajua ni wapi utakapolemewa watumiaji wakiongezeka, halafu tarehe inafika na akaunti yako inafungwa. Nataka kazi isiyo na tarehe ya mwisho, nikae na mfumo hadi uzeeke, nirekebishe mwenyewe niliyoyaandika.

Nimewatumia jibu hilo kwa maandishi, pamoja na maelezo kuhusu mvua.

Jumanne, 25 Machi

Wamejibu asubuhi: maandishi yamepokelewa, endelea na mtihani wa kuandika programu. Dakika 90. Saa inaanza kuhesabu unapofungua ukurasa na haisimami kwa sababu yoyote.

Swali la kwanza lilikuwa la mabano. Unapewa mstari uliojaa mabano ya kila aina, useme kama kila lililofunguliwa limefungwa kwa mpangilio wake. Dawa yake ni rundo. Kila bano linalofunguka unaliweka juu ya rundo kama sahani zilizooshwa, ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Likija la kufunga, unatazama lililo juu: yakilingana unaliondoa, yasipolingana mstari ni mbovu. Ukifika mwisho, rundo liwe tupu. Nalipenda swali hili. Mdogo wangu alikuwa amekaa nyuma yangu akila uji, akalifuata hadi mwisho bila kuniuliza kitu.

Nilikuwa katikati ya swali la pili fundi wa kuchomelea mageti alipowasha mashine. Stima ya ploti yetu ni ya sambaza, waya mmoja umegawiwa nyumba nyingi, na mashine yake ikianza taa zinafifia na ruta inajizima. Nikahamia intaneti ya simu. Bando likaisha. Mama alinitumia salio kutoka Lang'ata, mikono yake ikiwa na povu, na nikarudi mtandaoni. Ukurasa ulijifunga swali la pili likiwa limebakisha mistari michache.

Jioni nilimwendea fundi. Alizima mashine akanisikiliza hadi mwisho.

"Dada, sikujua uko kwa mtihani," alisema. "Siku nyingine niambie saa tu. Saa hiyo nitapiga rangi."

Jumatano, 26 Machi

Nimepita. Swali la pili walilihesabu kwa yale majaribio ambayo programu yangu iliyamudu, na yalitosha.

Sasa kuna fomu ya maelezo binafsi. Inataka jina la barabara, namba ya nyumba na msimbo wa posta, na penye nyota nyekundu hapakubali kuachwa wazi. Laini Saba ina njia, na watu wake wanajua kila mlango ni wa nani, lakini milango haina namba. Niliandika "karibu na reli". Fomu ikajibu kwamba namba inahitajika.

Hadi mwaka 2009, ukifungua ramani za mtandaoni Kibera ilionekana kama doa tupu. Mwaka huo vijana wa hapa, katika mradi wa Map Kibera, walizunguka vijiji vyote na vifaa vya GPS wakaweka njia, vyoo, zahanati, shule na sehemu za kuchota maji kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuifungua na kuirekebisha. Naiheshimu kazi ile kuliko programu nyingi zenye majina makubwa. Waliojua njia ndio walioichora, na sikuhitaji kufundishwa chuoni kuona kwamba hivyo ndivyo mfumo mzuri unavyotengenezwa.

Kwenye fomu nimeweka sanduku la posta la kanisa la mama, na namba ya sanduku ikakaa penye namba ya nyumba. Kisha nikawatumia kiungo cha OpenStreetMap kinachofikia ploti yetu. Mama wa idara ya ajira amejibu kwamba amefungua na ameiona reli.

Alhamisi, 27 Machi

Sasa wanataka cheti cha polisi cha mwenendo mwema. Unaomba kupitia eCitizen, tovuti ya serikali, unalipa shilingi 1,050, unachapisha fomu ya C24 na kuipeleka ukapigwe alama za vidole. Nilifika mapema, foleni ikasonga vizuri, mhudumu akanipaka wino akavibingirisha vidole vyangu kimoja kimoja. Fomu ilitoka na mabaka. Akanifuta, akarudia kwenye fomu nyingine, mabaka tena.

Aliniuliza kama ninafua. Sabuni ya unga na kusugua kola hula mistari ya vidole, na ameona mikono kama yangu kwa akina mama wengi. Alinishauri nipake mafuta na nisishike maji ya sabuni kwa siku kadhaa, halafu nirudi. Alinieleza kwa upole na alikuwa anajua kazi yake.

Nilipomwambia mama, alivitazama vyake.

"Basi hadi vyako virudi, mimi nitafua peke yangu," alisema, na kesho yake ina nyumba mbili.

Sikulala vizuri. Katika orodha zote za kujiandaa nilizowahi kusoma, za algoridhimu, za wasifukazi, za namna ya kujibu kuhusu udhaifu wako, hakuna palipoandikwa kwamba maandalizi yangu yataongeza nguo kwenye beseni la mtu mwingine.

Ijumaa, 28 Machi

Mzee anayetuangalizia ploti alinisimamisha getini. Alisikia kwamba Ujerumani imewapa Wakenya nafasi 250,000, sasa mbona mimi nahojiwa hivi, si waniite tu?

Nilimweleza. Mkataba upo: ulitiwa sahihi Berlin tarehe 13 Septemba 2024, Rais Ruto na Kansela Scholz wakiwepo, na unahusu njia za kwenda kazini kihalali na kurudishwa kwa wasio na kibali. Ila ile 250,000 haimo ndani yake. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani yenyewe ilijitokeza ikaikana siku hizo hizo. Kinachonisaidia mimi ni sheria nyingine, ya kadi ya buluu ya Umoja wa Ulaya. Tangu Novemba 2023 Ujerumani inaruhusu mtaalamu wa kompyuta asiye na shahada aipate, mradi awe na uzoefu wa miaka mitatu katika saba iliyopita, na mshahara usiopungua kiwango cha mwaka. Mwaka huu wa 2025 kiwango hicho ni yuro 43,759.80. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokosekana, na kwa sababu ya kifungu hicho bado nina mlango.

"Kwa hivyo ni wewe mmoja mmoja," mzee alisema.

"Ndiyo, mzee. Mmoja mmoja."

Alisikitika, nami nilisikitika pamoja naye. Kijana wake ni fundi umeme na amekuwa akingoja hizo nafasi tangu Septemba.

Jumamosi, 29 Machi

Mahojiano ni Jumanne, saa nne asubuhi ya Berlin, yaani saa sita mchana hapa. Ni ya saa nzima, na wahandisi wawili. Tawi la Kibera la maktaba ya taifa linanifaa kwa kusoma, lakini huwezi kuongea mle saa nzima. Chumba cha kukodi mjini kinakula pesa ya chakula cha wiki. Kwa hiyo nitahojiwa hapa.

Nimepita mlango kwa mlango. Fundi atapiga rangi kuanzia saa sita hadi saa saba. Mama wa nyumba ya pili atawapeleka watoto uwanjani. Kinyozi atazima spika. Jirani wa upande wa choo ameniazima blanketi mbili nizitundike ukutani zipunguze mwangwi. Watu wameniuliza saa, wakairudia, wakaishika. Mtu akikupa saa yake ya biashara bila kuuliza atapata nini, unajua umepewa kitu.

Jumapili, 30 Machi

Usiku wa kuamkia leo Ulaya imesogeza saa zake mbele. Sasa Berlin na Nairobi zinaachana saa moja badala ya mbili. Saa nne ya Berlin ni saa tano ya hapa. Mwaliko kwenye kalenda ya simu unasema saa tano. Ploti nzima inajua saa sita.

Kinyozi nilimpata. Fundi alikuwa amekwenda kwa shemeji yake Kawangware na simu yake haipiti.

Jumatatu, 31 Machi

Sikukuu ya Idd. Bibi mmoja wa Kinubi kule Makina, ambaye mama humfulia, ametuletea pilau na kuuliza kama kazi imepatikana. Nilimwambia bado. Alisema watu wake walikuja hapa na jeshi la Mwingereza, wakaambiwa wakae, pawe pao, na karatasi wakaidai miaka na miaka. "Karatasi, mjukuu wangu. Ushike karatasi." Nilimwitikia kwa moyo wote.

Nimepita tena milangoni, saa tano badala ya saa sita. Mama wa nyumba ya pili asubuhi ile anapeleka mtoto kliniki, kwa hiyo mdogo wangu ndiye atakayeshika watoto. Fundi alirudi usiku na mzee akamkabidhi ujumbe kabla hajafungua kufuli.

Jumanne, 1 Aprili

Saa tano kamili. Mashine kimya, watoto hawapo, stima ipo.

Wahandisi waliuliza jinsi ya kuunda mfumo wa malipo unaostahimili mtandao mbovu. Nilitaka kusimama kwa furaha. Safaricom ilipofungua Daraja mwaka 2017, sisi wadogo tuliweza kuunganisha programu zetu na M-Pesa moja kwa moja, na hapo ndipo nilipojifunza kazi. Majibu ya malipo huja mara mbili, au yanachelewa, au hayaji. Kwa hiyo kila ombi lipewe namba yake na liandikwe kwenye hifadhi kabla halijatumwa. Jibu likija, tafuta namba: ikiwa malipo yameshaandikwa, usifanye lolote. Jibu lisipokuja, usitume ombi upya, maana mtu atakatwa pesa mara mbili. Uliza hali ya lile la kwanza. Niliwaeleza tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipoharibika chini ya bahari na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Seva ya mfumo wa karo niliouhudumia ilikuwa Ulaya. Wazazi walilipa, mfumo ukanyamaza. Mawasiliano yaliporudi, mfumo uliuliza hali ya ombi moja moja, ukajaza daftari, na hakuna mzazi aliyekatwa mara mbili. Kandarasi yangu iliisha wiki chache baadaye na sijui nani anautunza.

Hapo ndipo mchuuzi wa dawa ya kunguni, mende na panya alipoingia kwenye kichochoro na kipaza sauti chake, ile rekodi inayojirudia. Nilieleza kinachouzwa. Mhandisi mmoja aliuliza kama dawa inafanya kazi. Nilimwambia ya panya ndiyo. Nikasikia sauti ya mzee nje ikimwambia mchuuzi, "Kijana, songa hadi relini, hapa kuna mtu kazini." Kipaza sauti kikasonga, tukaendelea na swali la kufunga kumbukumbu wakati maombi mawili yanaigombania.

Ijumaa, 4 Aprili

Wamenipenda, wameandika. Wanatoa kandarasi ya miezi sita, nifanyie hapa hapa Nairobi, bila viza, nijilipie bima mwenyewe.

Mama aliusoma uso wangu kabla sijasema. Nilikula kwanza, kisha nikaandika. Niliwashukuru na kuwaambia kwamba tangazo lao lilisema kazi ya kudumu, na ndiyo niliyohojiwa kwa ajili yake. Niliwawekea kifungu cha sheria, kiwango cha mshahara, na barua za uzoefu wangu wa miaka minne. Niliwaambia kwamba mwenye kadi ya buluu akiwa na Kijerumani cha kiwango cha B1 anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miezi 21, na kwamba mimi nimeshaanza masomo ya A1. Nikaongeza kwamba nitafurahi kuanza kesho yake nikipata mkataba wa ajira, ila kandarasi siichukui.

Walijibu saa kumi jioni. Wahandisi wamesimama upande wangu. Mkuu wa kitengo atakaa na watu wa fedha Jumatano. Katika kungoja, nitume cheti cha mwenendo mwema. Vidole vimepona kiasi cha kuona mistari kwa macho, na Jumatatu ninakwenda.

Fundi ameuliza kama Jumatano apige rangi. Nimemwambia achomelee, hiyo siku wanakutana wao kwa wao.