Sifa za Kitochi

Nasimama kukisifu kitochi, na asiyetaka kusikia azime data yake.

Kwanza nasaba. Mkubwa wa ukoo, Nokia 1100, alitoka mwaka 2003, na duniani zikauzwa zaidi ya simu milioni 250 za aina yake. Waliomuunda walimfikiria mtu wa vumbi: vitufe wakaviziba visiingie vumbi, na kichwani wakamwekea tochi. Huku Muze, bondeni chini ya milima ya Ufipa, vumbi la kiangazi tunalo la kutosha kuijaribu kazi yao. Siku hizi tunanunua itel na Tecno, lakini tochi ile haijabanduka kichwani.

Tazama kinavyotunza urafiki. Mwenye simu janja anajua mengi mno: nani amesoma ujumbe akanyamaza, nani anakula kuku Sumbawanga mjini ilhali deni la watu hajalipa, nani yuko hewani saa nane za usiku. Urafiki gani utahimili kujuana kwa namna hiyo? Wa kitochi asipojibiwa anasema mwenzake yuko mpungani, basi, analala. Na rafiki akimkumbuka, anambipu. Mlio mmoja tu, na habari yote imefika: mzima, sina vocha, piga wewe.

Halafu magrupu. Kamati ya harusi ya mtoto wa binamu wa shemeji haiwezi kukuunganisha kwenye kitochi. Itabidi mjumbe aje kwa miguu, na jua hili la bondeni. Atapewa maji, ataketi, ataulizia mbuzi mmoja mmoja, na mwisho ataona haya kutaja kiwango cha mchango. (Wapo wasioona haya. Kwa hao kitochi hakina dawa.)

Kinafundisha pia kuchagua. Kumbukumbu ikijaa, hupokei ujumbe mpya mpaka ufute wa zamani: wa mnunuzi wa ufuta, au wa mchumba? Nimeshuhudia wa mchumba ukifutwa. Ufuta mwaka ule ulikuwa na bei.

Kuhusu siri, mwenye kitochi hanazo, na hilo nalo ni heri. Picha ya cheti cha hospitali au ya mjukuu aliyezaliwa Mbeya hutumwa kwenye simu ya kijana wa jirani, naye huitangaza kwa sauti barazani. Kabla hujajua unaumwa nini, umeshapewa pole na mtaa mzima.

Dosari yake ni moja. Ukibonyeza *150*00#, M-Pesa inafunguka bila intaneti, kwa hiyo huwezi kumwambia shemeji anayeomba akopeshwe kwamba bando limeisha. Hapo, nakiri, kitochi kimetusaliti.

Lakini waulizeni wafanyabiashara wa mpunga, watu wasiokosa hela ya simu. Namjua mmoja anayetembea na mbili. Simu janja hukaa mfuko wa shati, kioo kikitazama watu. Ndiyo ya wateja, magrupu na wadai, na hulia kutwa bila kuguswa. Kitochi kiko mfuko wa suruali, kimefungwa raba, na namba yake wanayo mkewe, mama yake na rafiki mmoja wa tangu utotoni. Hicho kikilia, hata kama yuko juu ya mizani, anashuka.

Mimi alinipa namba ya simu janja.