Heko kwa Flashi, Mbeba Lawama

Wapo waliosifu prosesa kwa kasi yake, na wapo waliosifu antena kwa kufika mbali. Betri ndiyo usiseme, kila tangazo la simu linaimba jina lake. Lakini kumbukumbu ya flashi, iwe imejificha ndani ya maikrokontrola au ni ile chipu ya miguu minane pembeni yake, haina hata mshangiliaji mmoja, ingawa ndiyo inayotunza programu umeme ukikatika. Naomba niwe wa kwanza. Sifanyi hivi kwa kukosa kazi: mezani kwangu hakukosi kifaa kilichogoma, ambacho mwenyewe ameapa kuwa kilichokufa ni flashi.

Sifa zake ndogondogo nizitaje upesi. Haina makuu: ikifutwa, kila baiti husomeka FF, yaani biti zote ni moja, na kuandika kwake ni kugeuza moja kuwa sifuri. Ukitaka sifuri hata moja irudi kuwa moja, sharti ufute sekta nzima, kwa kawaida baiti 4096, wema na wabaya pamoja. Ni msiri: ukishaifungia ile ya maikrokontrola ya STM32 isisomwe na nje kwa kiwango cha kwanza cha ulinzi, kisha ukabadili nia, itakufungulia bila kinyongo, ila kwanza itateketeza kila ilichokuwa imetunza. Tena inatoka katika ukoo uliozoea kuonewa. Fujio Masuoka aliibuni akiwa Toshiba na kuitangaza mwaka 1984. Miaka 20 baadaye aliishitaki kampuni hiyo akidai haki ya ubunifu wake, na mwaka 2006 wakamalizana kwa yeni milioni 87. Kama baba alipata chake kwa kuburuzana mahakamani, mtoto atarajie nini?

Hayo tuyaache. Sifa kuu ya flashi, ambayo ningeomba ijengewe mnara, ni uvumilivu wake wa kubeba makosa ya wengine. Konda wa daladala naye hubeba lawama za nauli, za foleni na za mwendo wa dereva, lakini konda hujibu. Flashi haijibu.

Mteja anaingia na kiboksi cha kuendeshea pampu. "Fundi, flashi imekufa, nibadilishie." Umejuaje, bosi? "Kijana wetu wa kompyuta kasema." Kijana aliunganisha laptopu, skrini ikamjazia mstari ule ule bila kukoma: kichwa batili, 0xffffffff. Hukumu ikapita palepale. Kumbe mara nyingi namba hiyo haisemi chipu imekufa. Inasema ESP32, maikrokontrola ya kiboksi hicho, ilikwenda pale programu inapotakiwa kuanza ikakuta FF tupu. Ama hakuna kilichopakiwa, ama kilipakiwa kwenye anwani isiyo yake. Flashi imesema kweli, na kwa ukweli huo imepewa adhabu ya kifo.

Ama kuna mtu aliunganisha kihisio kwenye mguu wa GPIO12, nao ukavutwa juu wakati wa kuwaka. Mguu huo ndio unaoamua flashi ipewe volti ngapi. Ukiwa juu, chipu ya volti 3.3 inapewa 1.8, kisha watu wanashangaa kwa nini haiamki. Ama, kwa mteja mwingine, waya wa USB ni wa kuchajia tu, hauna nyuzi za data. Ama adapta ina stika ya ampea 2 ambazo hazimo. ESP32 ikirusha Wi-Fi hunyonya mamia ya miliampea kwa mkupuo, na walioiunda wanataka chanzo kisichopungua miliampea 500. Weka oskiloskopu uone volti zinavyoporomoka kila redio inapoamka. Zikiporomoka katikati ya kufuta sekta, kinachobaki humo ni makapi, na aliyekutwa na makapi ndiye anayeshikwa.

Sasa naomba radhi, maana hapa sauti inanipanda. Chipu za jamii ya W25Q zimedhaminiwa kufutwa na kuandikwa mara 100,000 kwa kila sekta. Ni nyingi. Ila mwandishi wa programu ya pampu ameamua kuhifadhi hali ya pampu kila sekunde, kwenye sekta ile ile, akiifuta kila mara. Piga hesabu: dhamana yote inaisha kabla ya saa 28. Na anahifadhi nini? Kwamba pampu imezimwa. Sekunde iliyopita ilikuwa imezimwa. Itakuwa imezimwa mpaka alfajiri! Nani alimuuliza? Angeandika pale tu hali inapobadilika, au angehamahama sekta hadi sekta, chipu ile ingemzika yeye.

Msidhani huu ni ushamba wa mafundi wa mitaani. Mwaka 2021 Tesla iliita yarudishwe karibu magari 135,000 ya Model S na Model X, kwa sababu kumbukumbu ya flashi ya gigabaiti 8 nyuma ya skrini kuu ilikuwa ikichakaa kwa kuandikwa mno, na ikishachakaa, picha ya kamera ya nyuma inapotea. Na kampuni ilijitetea vipi mbele ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani? Kwamba haiwezekani kiuchumi kutarajia kijenzi kama hicho kidumu maisha yote ya gari. Mwandikaji ni nani? Kimya. Aliyetajwa ni mwandikwaji.

Linganisheni na NASA. Januari 2004, roboti Spirit ilianza kujizima na kujiwasha ovyo juu ya Mirihi, wiki chache tu baada ya kutua, na mwenendo ukaelekeza kwenye flashi. Wahandisi waliiamuru iwake bila kuigusa flashi, wakachunguza, wakakuta mafaili yamerundikana kupita uwezo wa programu yao wenyewe kuyasimamia. Wakafuta, wakaisafisha upya. Chipu ilikuwa nzima, na Spirit ikachapa kazi hadi 2010.

Kiboksi cha pampu hakikupata bahati ya wahandisi wa namna hiyo. Kilinunuliwa kwa zabuni, na zabuni ikaenda kwa bei ya chini. Ukikifungua, karibu na chipu utaona vidoa viwili vya risasi vitupu: ndipo ilipotakiwa kukaa kapasita ya kutuliza umeme. Mmoja aliichora, wa pili akaitoa ili aokoe senti, wa tatu akatia saini kwamba mzigo umekaguliwa. Kwenye ripoti itaandikwa "hitilafu ya kumbukumbu," kwa kuwa flashi haina wakili wala kiti kwenye kikao. Mwenyekiti wa zabuni anacho kiti, na posho ya kukikalia.

Kwa hiyo, ndugu mteja, ukija kwangu usije na hukumu mkononi. Niletee adapta ile ile iliyokuwa ikikiwasha kiboksi, waya wake, na namba ya simu ya aliyeandika programu. Flashi nitaipima mwisho.