Jinsi ya Kuomba Fedha za Kuvukia Ukiwa Kilwa Masoko

Mwongozo huu ni wako wewe mkurugenzi wa shirika dogo, mwenye ofisi ya vyumba viwili Kilwa Masoko, pikipiki moja yenye nembo, na barua pepe iliyokuamuru usimamishe kazi zote mara moja. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ikaguliwe. Ukaguzi haukungoja hizo siku 90. Tarehe 10 Machi waziri wake wa mambo ya nje, Marco Rubio, alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la nchi hiyo, imefutwa, na ilipofika Julai mosi shirika lenyewe likafunga milango. Wewe hukuwa na mkataba na USAID. Ulikuwa na mkataba na shirika la Dar es Salaam, nalo lilikuwa na mkataba na shirika la huko Marekani. Fedha zilikuwa zikichukua robo mwaka kushuka ngazi hizo. Barua ya kusimamisha kazi ilishuka upesi zaidi.

Kwanza kabisa, acha kuwaambia watu kwamba jambo hili halijawahi kutokea. Limetokea hapo ng'ambo, Kilwa Kisiwani. Msafiri Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa jinsi alivyokuwa akigawa. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimsimamisha sultani akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Hakuuliza viashiria. Mwanawe akazikomboa nguo kwa watumwa kumi, na sultani, aliposikia watu wanavyomsifu, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Maoni ya watumwa hayakukusanywa. Hata enzi zile walengwa walikuwa wakisahauliwa kwenye tathmini. Abul Mawahib alipofariki akatawala nduguye, Daud. Aliyekwenda kuomba akajibiwa kuwa mtoaji amekufa na hakuacha cha kutolewa. Waombaji wakawa wanakaa miezi mlangoni, na mwisho wanaondoka na kidogo sana. Nenda ukaone Husuni Kubwa, jumba linalohesabiwa kuwa la Abul Mawahib, lenye bwawa la pembe nane. Halikumalizika. Kwa hiyo hata mradi wa kuishia njiani tunao, tena uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1981.

Ukishatulia, tafuta mfuko. Mwaka 2025 ilijitokeza kadhaa. Kundi la Unlock Aid lilianzisha mfuko wa kuvusha mashirika yaliyokatiwa misaada. Founders Pledge na The Life You Can Save wakaanzisha wa kwao wa dharura. Na waliokuwa wafanyakazi wa USAID, kwa jina la Project Resource Optimization, wakachuja miradi iliyofutwa na kuwaonyesha matajiri ile ambayo dola moja inaokoa watu wengi zaidi. Ni watu wema, wala sina ugomvi na hesabu yao. Mtoto mwenye malaria hana muda wa kusubiri. Ila kazi yako wewe ni kumkumbusha mama wa Somanga tarehe ya kliniki na kumfuatilia kijana aliyeacha dawa. Iingize kazi hiyo kwenye jedwali lao. Andika kwamba bila wewe kijana yule angekufa, kisha uombe Mungu kijana mwenyewe asilisome jedwali hilo, maana jioni mnakutana kijiweni.

Fomu ni ya Kiingereza. Inataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, na mkaguzi anayekubalika yuko Dar es Salaam. Ada yake inakaribia kiasi unachoomba. Mlipe kwanza, ndipo uthibitishe kuwa huna fedha. Inataka pia nadharia ya mabadiliko. Hapa ndipo watu wa Mkoa wa Lindi tunapokosa uvumilivu, kwa sababu kukatika tunakujua. Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huku kwetu Kilwa, abiria wakakwama. Watu wa wakala wa barabara, TANROADS, hawakumtaka dereva wa basi aeleze nadharia yake ya mabadiliko ndipo waanze kumwaga mawe.

Sehemu ya uendelevu usiiandike upya. Ichukue kwenye andiko la zamani, pale ulipoahidi kwamba kufikia 2025 jamii itakuwa inaumiliki mradi. Badilisha mwaka.

Atatokea mtu, kwa kawaida mshauri aliyekuja na ndege, akuulize kwa nini hamchangishi nyumbani. Usimkasirikie, mpe kalenda. Barua ya kusimamisha kazi ilikuja Januari, mwezi ambao fedha za korosho zimeshageuka ada za shule na mabati. Ufuta haujaota. Minada yake inaanza karibu na Juni, kupitia vyama vya msingi na stakabadhi ghalani. Kati ya hapo kuna masika na madeni dukani. Gesi ya Songosongo tunayo, na inapita Somanga kwenda Dar es Salaam tangu 2004 bila kuomba fedha za kuvukia. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, lakini ni mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wewe ni shirika, kwa hiyo huna jinsia, umri wala ulemavu unaotambulika.

Kulikuwa na Ramadhani pia. Mwaka 2025 iliangukia Machi, mwezi uleule wa tangazo la Rubio, na matajiri wa hapa walitoa kama kawaida yao: mchele, tende, sukari kwa yatima. Nenda ukawaombe kodi ya pango la ofisi. Utapewa futari nzuri sana. Hakuna tajiri niliyewahi kusikia amepata thawabu kwa wino wa printa.

Wapo waliovuka bila kupita kwenye fomu, na haya uyaseme kwa sauti ndogo yasije yakaharibu andiko. Mwaka 2009 vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha utunzaji bora wa misitu yao ya asili, na tangu hapo vijiji kadhaa vya wilaya hii vimekuwa vikiuza magogo yao wenyewe, mpingo ukiwemo, na kupanga matumizi kwenye mkutano wa kijiji. Ni kweli, hata hapo palianza kwa fedha za wafadhili na miaka mingi ya kazi. Lakini mti hauandikiwi barua pepe ukaacha kuwa mti.

Sasa bajeti. Ya muhimu zaidi ni safu ya mchango wa jamii, kwa sababu humo ndimo alimo yule mama anayejitolea kijijini, mwenye fulana iliyopauka yenye maneno “kutoka kwa watu wa Marekani”. Mradi ulikuwa ukimpa nauli na posho ndogo. Vilikatika Januari. Yeye hakukatika, maana ile barua ilikuwa ya Kiingereza na haikumfikia, na mwenye uchungu usiku wa manane bado anabisha hodi kwake, si kwako. Kila siku anayotembea ithaminishe kwa shilingi, zidisha kwa miezi, ijumlishe. Mifuko inapenda sana kuona jamii inachangia. Usimwonyeshe jumla, anaweza kudhani ni zake.

Utakapofanikiwa, na wapo wanaofanikiwa, utapewa fedha za miezi mitatu. Zikizidi shilingi milioni 20, mkataba unatakiwa uwafikie Hazina na Msajili wa Mashirika, nawe uzitangaze hadharani. Tangazo hilo litasomwa na mwenye nyumba, muuza mafuta, na yule wa kausha damu aliyekukopesha fedha za kumlipa mkaguzi. Mwezi wa kwanza ni wao. Wa pili, itengeneze pikipiki. Wa tatu ni wa ripoti, na ndani yake weka picha ya mama wa fulana akicheka. Mpige picha asubuhi kabla hajaenda shamba, na umwambie posho inashughulikiwa.

Dirisha la maombi linafungwa saa sita usiku kwa saa za New York, yaani asubuhi huku kwetu. Tuma alfajiri, mtandao ukiwa mwepesi na mwenye nyumba bado amelala.