Tajiri wa Maili

Kuna matajiri wa ng'ombe, kuna matajiri wa mashamba, na siku hizi kuna matajiri wa maili. Utawajua uwanja wa ndege: kadi inaning'inia kwenye begi, nao wamejipanga foleni ya waheshimiwa ili watangulie kupanda ndege ile ile itakayoondoka na sisi sote.

Shirika la ndege la American Airlines lilianzisha mpango wake wa kuwatunuku wasafiri maili, ambazo baadaye hulipia tiketi, mwaka 1981. Wakusanya maili wamekuwa wengi tangu hapo, ila mshindi ninayemvulia kofia ni David Phillips, mhandisi wa California. Mwaka 1999 kampuni moja ya vyakula iliahidi maili kwa atakayetuma lebo zake. Bwana akapiga hesabu, akaona kikombe cha pudini cha senti 25 kinazaa maili 100. Akanunua vikombe zaidi ya 12,000, akawapa watu wa shirika la hisani la Salvation Army wale, mradi wambandulie lebo. Akavuna maili zaidi ya milioni moja, na nafuu ya kodi juu yake, maana si ametoa sadaka!

Matajiri wa kwetu huzitunza tu maili zao hadi zipoteze thamani. Bei ya tiketi kwa maili hupangwa na shirika lenyewe, nalo huipandisha wewe umelala. Na hiyo tiketi ya "bure" ina kodi na tozo zake. Kwa hiyo kabla ya kuzitumia, chukua nauli ya kawaida, toa tozo, gawanya kwa maili unazodaiwa. Jibu likija chini ya senti moja ya dola kwa maili, lipa pesa taslimu. Lakini nani afanye hesabu hadharani, na kadi ni ya dhahabu?