Wiki ya Kusi: Sifa za Upepo Usiopendwa

Kusi ni upepo wa msimu unaovuma katika pwani ya Afrika Mashariki kutoka kusini-mashariki, kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba. Ushongo, kijiji cha wavuvi kilichopo kusini ya mlango wa Mto Pangani mkoani Tanga, huifahamu kwa miezi yote hiyo, lakini huilaani hasa kwa wiki moja ya kipupwe, kati ya mwisho wa Juni na katikati ya Agosti. Wiki hiyo upepo haupumziki usiku wala mchana, bahari hufungwa, makuti hung'oka paani, mchanga huingia katika wali, na watu wazima huvaa makoti katika nyuzi 21 za Selsiasi. Haina tarehe maalumu, na ikipenda hurudi mara ya pili. Haina pia mtetezi. Upungufu huo wa mwisho ndio unaorekebishwa hapa, kwani ni vigumu kumtaja mtumishi wa umma wa pwani ya Tanga, kuanzia Moa hadi Mkwaja, aliyefanya kazi kubwa kuliko kusi bila kudai posho.

Kwanza nasaba, maana sifa bila nasaba hazikai. Kusi huzaliwa katika eneo la kanieneo kubwa ya hewa karibu na visiwa vya Mascarene, mashariki ya Madagaska, ambako Julai ni katikati ya majira ya baridi. Hewa nzito ya huko husukumwa juu ya Bahari ya Hindi, hubeba unyevu njiani, hufika pwani ya Tanzania ikiwa imekwisha kupata nguvu, kisha huzidi kuongeza kasi ikipita Kenya na Somalia. Ikivuka ikweta hupindishwa na mzunguko wa dunia, ikaelekea kaskazini-mashariki hadi India, ambako mvua zake ndizo zinazolimiwa mpunga. Mtaalamu wa hali ya hewa J. Findlater aliueleza katika miaka ya 1960 mkondo mkali wa upepo huo unaopita juu ya Kenya katika kimo kidogo, na mkondo huo sasa huitwa kwa jina lake. Ina maana kwamba upepo unaomnyima mvuvi wa Ushongo kitoweo chake uko safarini kwenda kuwalisha mamilioni ya watu. Hakuna barua ya shukrani kutoka India iliyopata kufika Pangani.

Historia yake pia si ya mtu wa hivi hivi. Kwa karne nyingi kaskazi, upepo wa msimu wa kinyume chake, ilileta majahazi ya Uarabuni na Uhindi, na kusi ikayarudisha kwao yakiwa na pembe za ndovu, boriti za mikoko na, kwa aibu ya wenye mizigo na si ya upepo, watu. Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, akafika karibu na Calicut, India, tarehe 20 Mei. Wakati wa kurudi hakuwa na subira. Alianza kuivuka bahari mapema Oktoba, kabla kaskazi haijashika, akafika Malindi Januari 1499 baada ya miezi mitatu, mabaharia wake wengi wakiwa wamekufa kwa kiseyeye. Manahodha wa pwani hawakuhitaji somo hilo. Waliondoka mapema, Aprili au Mei, au walisubiri hadi Agosti, wala hawakushindana na kusi ilipokuwa katika kilele chake. Wiki mbaya ya Julai, kwa hiyo, ni likizo ya zamani kuliko likizo zote za kalenda ya serikali.

Wiki yenyewe ina utaratibu wake. Siku ya kwanza haiaminiwi. Alfajiri bado kuna umande, ule upepo mwepesi wa nchi kavu unaowasindikiza wavuvi kwenda nje; kabla ya adhuhuri kusi imekwisha kuukata, maji yamebadilika rangi, na ngalawa zilizoelekea upande wa kisiwa cha Maziwe zinarudi bila kitu. Jioni hiyo, au jana yake kwa wenye redio, husikika tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kuhusu upepo mkali unaofikia kilometa 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, mikoa ikitajwa mmoja baada ya mwingine kutoka Tanga hadi Mtwara, na Unguja na Pemba zikifuata. Siku ya pili vyombo husukumwa juu ya magogo hadi mahali ambapo maji ya bamvua hayafiki.

Siku ya tatu ndipo kusi huanza kuonyesha faida zake. Kazi zote zilizoahirishwa tangu kaskazi hufanyika. Mashua hukalafatiwa, nyavu zilizotobolewa na kaa hushonwa, madema mapya husukwa, na ngalawa iliyokuwa ikitiririsha maji tangu Ramadhani hatimaye hutazamwa na fundi. Wanawake huketi upande wa nyumba usio na upepo na kusuka ukili kwa utulivu ambao wiki ya samaki wengi haiwaruhusu. Siku ya nne ni maharage. Siku ya tano ni maharage. Siku ya sita ng'onda aliyetunzwa darini hushushwa kwa heshima ya mgeni rasmi, na dukani bei yake inakuwa imepanda kiasi kwamba muuzaji mwenyewe huitaja kwa sauti ya chini.

Katika siku hizohizo kusi hutoa huduma ambayo hakuna benki inayoitoa: kusamehe kwa muda. Anayedaiwa na mwenye chombo, na mwenye duka, na fundi wa mashine za boti, huwajibu wote jibu moja, kwamba kusi imekaza. Hakuna mdai wa pwani anayeweza kulipinga, kwa sababu upepo wenyewe unamvua kofia akiwa bado anabisha hodi. Mahari huahirishwa, michango huahirishwa, hata ugomvi wa mipaka ya minazi huahirishwa, maana shahidi hasikiki. Minazi yenyewe huangusha nazi bila mkwezi kulipwa, ingawa wanaopita chini yake huona kwamba huduma hiyo ingefaa itangazwe kwanza.

Lakini kazi yake kubwa ipo baharini. Katika sehemu mbalimbali za Tanga na Zanzibar, vijiji hufunga miamba kwa miezi kadhaa ili pweza, ambaye huongezeka uzito upesi sana, apate kukua. Jambo hilo ni jema, na huhitaji vikao, daftari la mahudhurio, maboya, doria na mafuta ya boti. Kusi hufunga bahari yote kwa usiku mmoja, bila kikao. Mkoa wa Tanga pia ulisumbuliwa kwa miaka mingi na uvuvi wa baruti, uliovunja matumbawe yaliyochukua karne kujengeka. Katika wiki ya kusi hata mlipuaji hulala kwake, kwani bahari iliyochafuka haimwonyeshi samaki wa kulipua. Wakati huohuo upepo huyakoroga maji na kuyapoza. Maji ya pwani hii, ambayo Machi huweza kufika nyuzi 29 au 30, Agosti hushuka hadi 25 au 26. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwa anayeogelea, lakini kwa tumbawe ni uhai. Mwaka 1998 joto la bahari lilipausha na kuua matumbawe mengi ya Tanzania, na joto hilo lilikuwa la miezi ya mwishoni mwa kaskazi, upepo ambao kila mtu huusifu kwa upole wake. Mwani aina ya kotonii, wenye bei nzuri kuliko spinosamu, nao huugua na kufa maji yakichemka. Kusi huupoza, kisha, ni kweli, huukata kamba na kuutupa ufukweni. Hakuna mtumishi asiye na kasoro.

Shtaka zito zaidi ni la kisiwa cha Maziwe, kilichoko baharini mbele ya Ushongo. Kisiwa hicho kilikuwa na mivinje, na kasa walitaga hapo kwa wingi. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na leo Maziwe ni fungu la mchanga linalofunikwa maji makuu yakijaa. Mawimbi ndiyo yaliyokila, na mawimbi yana mwenyewe. Utetezi hauna budi kukiri jambo hilo, kisha utaje matokeo yake. Kwa kuwa mayai yaliyotagwa Maziwe yangezama, wahifadhi huyafukua na kuyazika upya katika ufukwe wa Ushongo, ambako watoto wa kasa huanguliwa na kwenda baharini mbele ya wanakijiji na wageni. Hivyo kusi, ikiwa kweli ndiyo iliyohusika, ilibomoa wodi ya wazazi upande mmoja na kuihamishia upande wa pili, bila gharama za ujenzi.

Linabaki suala la baridi, ambalo wapinzani wa kusi hulitegemea sana. Usiku wa Julai joto la Ushongo huteremka hadi nyuzi 20 au 21, na upepo hulifanya lionekane pungufu ya hapo. Mafua huenea. Chai ya tangawizi, iliyodharauliwa tangu Januari, hupata wateja wake. Kwa upande mwingine mbu, ambao hawana mbawa za kushindana na kusi, huadimika, na usingizi unakuwa mtamu ilimradi mablanketi yatoshe. Kinachovutia zaidi ni makoti. Yale ya mitumba yanayovaliwa ufukweni wiki hiyo yalishonwa kwa ajili ya nchi za theluji, yana manyoya kwenye kofia na mifuko ya kuwekea glavu, na ni katika wiki ya kusi peke yake ambapo uamuzi wa kuyanunua huonekana kuwa wa busara.

Haki inadai baridi hiyo ipimwe kwa ile ya nchi ambako makoti hayo yalitoka. Katika mji wa Buffalo, mashariki mwa Ziwa Erie nchini Marekani, wanaishi wakimbizi wengi kutoka Kongo wanaozungumza Kiswahili, na wao wanaijua wiki ya upepo wa namna nyingine. Upepo mkavu wenye baridi kali hupita juu ya ziwa ambalo bado lina joto la kiangazi, hunyonya mvuke, na kuumwaga kama theluji kwenye nchi ya kwanza unayoikuta. Novemba 2022, mji jirani wa Orchard Park ulipata karibu mita 2 za theluji kwa siku chache, hata mechi ya Bills, timu ya Buffalo ya mpira wa Kimarekani, ikahamishiwa Detroit. Upepo huo huacha kuleta theluji nyingi ziwa likiganda, jambo ambalo kwa watu wa huko huhesabiwa kuwa nafuu. Kusi hufanya kazi kwa kanuni hiyohiyo, ya kuchukua maji katika bahari kubwa na kuyashusha penye nchi, lakini inachoshusha Ushongo ni manyunyu ya mchoo, mvua ndogo za majira hayo, na kilichobaki hukipandisha hadi milima ya Usambara Mashariki, ambako misitu ya Amani hupata kiasi cha milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Mvua haisukumwi kwa sepeto ili mlango ufunguke.

Theluji iliyo karibu zaidi na Ushongo ipo Kilimanjaro, mkoa wa jirani. Inapoyeyuka, sehemu yake ndogo huingia katika mito inayokutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu na kuwa Mto Pangani, ambao huingia baharini kaskazini kidogo ya kijiji ukiwa na rangi ya udongo na joto la kawaida. Wapo pia wanaoikimbia theluji kwa makusudi. Kuanzia Julai hadi Novemba nyangumi wenye nundu, waliotoka bahari za Antaktika, hupita pwani ya Tanzania kuzaa na kulea. Wamesafiri maelfu ya kilometa ili wakae katika maji ambayo mwanakijiji, akitazama kutoka ndani ya koti, huyaona ya baridi kupita kiasi.

Sifa hizi zina mpaka. Tarehe 18 Julai 2012 meli ya MV Skagit, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe katika upepo na mawimbi makubwa, na watu wengi walikufa. Kusi haitanii, na haikuwahi kudai kwamba inatania. Hutangaza kuja kwake kwa mawingu, kwa rangi ya maji na sasa kwa redio. Wavuvi wa Ushongo wanaobaki nchi kavu wakati huo hawafanyi uvivu, ingawa mchezo wa bao chini ya mkungu unaweza kumpotosha mgeni.

Siku ya saba, au ya tisa, upepo hulegea alfajiri bila taarifa. Ngalawa huteremshwa, na jioni kijiji kizima kinanuka samaki wa kukaanga. Samaki wa kwanza huuzwa kwa bei ya ajabu na wadai hurudi milangoni. Kusi huendelea kuvuma kwa adabu hadi demani, mwisho wa msimu wake, kisha huja upepo wa matlai, na kufikia Desemba kaskazi imeshika, pamoja na joto, mbu, na malalamiko kwamba upepo umekuwa mdogo. Anayekusudia kufika Ushongo mwezi wa Julai abebe sweta, alipe madeni yake kabla ya safari, na asiagize changu.