Gari Letu na Kauntabuku la Kwaya Tatu

Mke wangu ana kauntabuku la kwaya tatu lenye jalada jekundu. Ndani yake imo nyumba yetu nzima: ada za watoto, mifuko ya saruji ya ukuta wa uani, michango ya harusi na misiba, tarehe ya kubadilisha mtungi wa gesi. Ukiligeuza chini juu, kurasa za nyuma ni za gari. Kila shilingi iliyoingia kwenye Corolla letu la mwaka 1998, tangu tulipolinunua mwaka 2009, imeandikwa humo: tarehe, kilomita, kilichofanyika, na fundi alisema nini. Kwa miaka mingi nilidhani hizo ni hesabu za fedha tu. Siku tuliyokwama Wami ndipo nilipojua kuwa lile lilikuwa faili la mgonjwa.

Ilikuwa Ijumaa, Septemba 2023. Kesho yake shemeji yangu wa mwisho alikuwa anafanyiwa sendofu Korogwe. Garini tulikuwa watano: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili, na mama mdogo wa mke wangu aliyekaa nyuma na kapu la vitumbua mapajani. Kwenye buti tulibeba mzigo ambao ukoo mzima ulikuwa unausubiri: magauni 22 ya sare ya kina mama, yaliyoshonwa Dar es Salaam. Tusingefika, kina mama 22 wangeingia ukumbini kila mmoja na rangi yake.

Tulipita Bagamoyo, tukatokea Msata. Mshale wa joto ulikuwa umetulia. Wami tukavuka kwa daraja jipya, na sisi tuliozoea kusubiriana kwenye lile la zamani, jembamba, tulivuka kwa furaha. Ukishavuka, barabara inapanda. Mbele yetu semitrela ilikuwa inakwea taratibu, nami nikarudi gia ya pili. Mshale ukaanza kunyanyuka. Nikazima kiyoyozi, nikafungua madirisha, nikawasha hita hadi mwisho ili ivute joto la injini lije kwetu. Mama mdogo akaanza kujipepea kwa mfuniko wa kapu. Mshale haukusikia. Nilipoona mvuke unatoka kwenye boneti, nikaweka gari pembeni na kuzima injini.

Mama mdogo alikuwa wa kwanza kushuka, chupa ya maji mkononi. "Fungueni, mmwagie maji!" Mke wangu akamshika mkono. "Hapana mama, tusubiri." Nashukuru kwa neno hilo. Maji ya rejeta iliyochemka yamebanwa na shinikizo. Ukifungua mfuniko yanaruka yote usoni. Na ukimwaga maji ya baridi kwenye injini ya moto, hedi inaweza kupinda au kupasuka. Tukakaa chini ya mti kwa dakika 40. Watoto wakala vitumbua.

Mke wangu akatoa kauntabuku ili aandike. Ndivyo alivyo: hata hapo, jasho likimtoka, alitaka tarehe na kilomita viingie. Akaandika: "Limechemsha. Mlimani baada ya Wami. Kiyoyozi kiliwashwa." Kisha macho yake yakapanda mistari ya juu, akanyamaza. "Baba watoto," akasema, "hebu nisikilize." Akaanza kusoma kutoka chini kwenda juu.

Juni 2023: rejeta imezibuliwa, maji yametoka mekundu kama chai ya rangi. Januari 2023: betri imekufa tena, alternata imetengenezwa. Aprili 2022: betri mpya. Novemba 2021: gari linamisi asubuhi, plagi 4 zimebadilishwa, zilikuwa nyeusi tii. Julai 2021: linakula mafuta, lita 20 zilikuwa zinafika kilomita 240, sasa 190. Mei 2021: maji bado yanapungua, feni imeungwa dairekti. Machi 2021: limechemsha foleni ya Mwenge, maji yamepungua. Fundi kasema themostati ni ya nchi za baridi. Imetolewa.

Juu ya Machi 2021, kurasa tatu nzima ni oili, pedi za breki, bushi na matairi, yaani kuchakaa kwa kawaida kwa gari lolote linalotembea. Magonjwa yote yalianza siku moja. Miaka miwili na nusu tulidhani gari limezeeka na linakufa kidogo kidogo, leo hapa, kesho pale. Kumbe lilikuwa na ugonjwa mmoja mdogo, na kila tiba tuliyolipa ilizaa ugonjwa mwingine.

Injini ilipopoa nikakunja taulo, nikaufungua mfuniko wa rejeta polepole. Rejeta ilikuwa imepungukiwa, maji hayaonekani hata kwa kuchungulia. Lakini chupa ya akiba iliyo pembeni yake ilikuwa imejaa hadi shingoni. Nikasimama nikiviangalia vitu viwili hivyo: mwenye kiu na mtungi, wamekaa pamoja, na maji hayavuki. Kilichokuwa katikati yao ni mfuniko niliokuwa nao mkononi. Nikaugeuza. Mpira wa chini ulikuwa umekauka ukawa kama gamba la muwa. Nilipoubonyeza kwa ukucha, ukamomonyoka.

Mfuniko wa rejeta si kifuniko cha ndoo. Una vali mbili. Ya kwanza inabana maji hadi shinikizo fulani, na maji yaliyobanwa hayachemki kwenye nyuzi 100. Yanaweza kufika karibu na 120 kabla ya kuchemka. Shinikizo likizidi, vali inaachia kidogo, na maji yaliyozidi yanakwenda kwenye chupa ya akiba. Gari likipoa, vali ya pili inafunguka na rejeta inayavuta maji yake yarudi. Wetu ulikuwa hauwezi tena kubana wala kurudisha. Kila safari rejeta ilitema, na kila usiku haikurudishiwa kitu. Ndiyo maana maji yalipungua na chini ya gari hapakuwa na tone. Mke wangu akapitisha kidole kwenye kurasa zote za gari. Neno "mfuniko" halikuwamo. Hakuna aliyewahi kuutazama, sisi tukiwa wa kwanza.

Tukayarudisha maji ya chupa kwa mkono, tukaongeza maji yetu ya kunywa, tukaondoka mwendo wa 60, kiyoyozi kimezimwa. Tulipumzisha gari Mkata, tukalipumzisha Kabuku. Segera tulifika jua linazama, na Korogwe tukaingia taa zimewaka. Mama mkwe alikuwa amesimama barabarani na kanga mabegani. Hakuuliza gari. Aliuliza watoto, kisha magauni. Usiku ule kina mama walijaribu sare zao sebuleni kwa zamu, na kesho yake ukumbi mzima ulikuwa wa rangi moja.

Jumapili mchana tukalipeleka gari kwa fundi jirani na nyumbani kwa mama mkwe, kijana wa umri wa mwanangu mkubwa. "Shikamoo mzee, shikamoo mama." Nami nikafungua mdomo kumwambia kilichoharibika, kama tulivyozoea. Mke wangu akaniwahi: "Mwanangu, kabla hujashika spana, nikusomee." Kijana akafuta mikono, akakaa juu ya tairi, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza maswali matatu. Linachemsha likiwa limesimama au likiwa mlimani? Likiwa la baridi, mshale unapanda haraka au unachelewa? Oili mmeiangalia?

Alianza na lile tulilokuwa tunaliogopa, gasketi ya hedi. Injini ikiwa baridi akaacha rejeta wazi, akawasha gari, akatuita tutazame mdomoni. Gasketi ikiwa imekatika, moshi wa silinda unapenya kwenye maji na mapovu yanapanda mfululizo. Tulitazama kwa muda mrefu. Mapovu machache ya mwanzo yakaisha, maji yakatulia. Akachomoa kijiti cha oili: ilikuwa nyeusi ya kawaida, haikuwa na weupe wa chai ya maziwa ambao huonyesha maji yameingia. Mke wangu akashusha pumzi. Hedi ilikuwa salama.

Kisha akatufafanulia themostati ile iliyotolewa. Injini kama ya gari letu ina njia mbili za maji: ndefu inayopita kwenye rejeta, na fupi inayorudi moja kwa moja ndani ya injini. Themostati inapofunguka, sahani yake ya nyuma inaziba ile njia fupi. Ukiitoa kabisa, njia fupi inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kuonja upepo wa rejeta. Gari linapobeba mzigo mlimani, hapo ndipo linaposhindwa. Na likiwa barabara tupu asubuhi, kinyume chake: injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inadhani ndiyo kwanza imeamka, inaiongezea petroli. Zile lita zilizopotea zilikwenda huko, na plagi zikawa nyeusi kwa sababu hiyo hiyo. Nchi yetu haina joto kiasi cha kuliondolea gari kifaa cha kudhibiti joto lake.

Feni nayo ilikuwa inazunguka tangu ufunguo unapowashwa hadi unapozimwa, usiku na mchana, mvua na jua. Kwenye foleni ya usiku, ukiwasha taa kubwa, waipa na kiyoyozi huku injini iko sailensa, alternata haitoshelezi. Anayelipa ni betri. Tulinunua betri mbili kwa kosa la waya mmoja. Na maji tuliyokuwa tunaongeza kila wiki yalikuwa ya kisima chetu, yenye chumvi. Badala ya kulanti, ambayo ina dawa ya kuzuia kutu, tulikuwa tunainywesha injini chumvi. Ile chai ya rangi iliyotoka Juni ilikuwa chuma cha injini yetu wenyewe.

Nikaenda dukani kununua mfuniko, kulanti na themostati. Niliporudi, kijana akasema, "Mzee, hii themostati tusiifunge hivi hivi. Ikapikwe kwanza." Tukarudi nyumbani. Mama mkwe akatoa sufuria ndogo, akateka maji, akaweka kwenye jiko la mkaa. Tukaifunga themostati kwa uzi, tukaining'iniza katikati ya maji isiguse chini. Ni kitu kidogo, unakifunika kwa kiganja: sahani, springi, na kikopo cha shaba chenye nta ndani. Pembeni imeandikwa 82, nyuzi ambazo inapaswa kuanza kufunguka, nta inapoyeyuka na kutanuka. Nyumba nzima ikazunguka jiko. Maji yakaanza kutoa vitone, yakacheza, yakachemka kwa nguvu. Sahani haikusogea hata unywele. Kifaa kipya, ndani ya boksi zuri, na kilikuwa kimekufa. Tungekifunga, tungechemsha kabla ya kufika Mkata, na tungelilaumu gari.

Nikairudisha, nikapewa nyingine kutoka boksi jingine. Sufuria ikarudi jikoni. Safari hii maji hayajachemka, vitone vidogo tu vimeanza kupanda, binti yangu akapiga kelele: "Inafunguka!" Kweli, sahani ilikuwa inajitenga na ukingo wake taratibu, wembamba wa ukucha, kisha upana wa kidole. Tukaitoa kwenye maji, ikajifunga yenyewe. Mama mkwe akasema, "Kumbe ina akili." Ndiyo, ina akili, na sisi tuliitupa jalalani.

Kijana akaosha rejeta kwa mpira wa maji, akiyapitisha kinyume na njia yake hadi yakatoka meupe. Akafunga themostati, akaweka kulanti, akafunga mfuniko mpya. Feni akairudisha kwenye swichi yake ya joto. Kisha akawasha gari na kusema, "Sasa tusimame tusubiri." Tukasimama. Mshale ukapanda hadi chini kidogo ya nusu, ukakaa. Baada ya muda feni ikajiwasha yenyewe, ikazunguka, ikajizima. Ikajiwasha tena. Akaweka mita kwenye betri, ikasoma volti 14.1. Alternata iliyokuwa imetengenezwa kwa fedha nyingi haikuwa na tatizo lolote.

Siwalaumu mafundi wetu wa nyuma. Kila mmoja alionyeshwa ukurasa mmoja. Hakuna aliyesomewa kitabu. Sisi ndio tuliokuwa tunafika gereji na jibu mkononi, "badilisha betri", "badilisha plagi", na fundi akabadilisha tulichotaja. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, nami naongeza kuwa ni akiba. Kama gari lako ni la zamani na magonjwa yake yamekuwa mengi, usihesabu magonjwa. Tafuta siku yalipoanza, uone siku hiyo ulitoa nini, au uliacha kutazama nini. Na usiruhusu kitu chochote kitolewe kwenye injini hadi uambiwe kazi yake ni ipi na nani ataifanya kikishaondoka.

Tulirudi Dar es Salaam Jumatatu. Mlima ule wa Wami sasa tuliushuka. Lakini kabla yake tulipanda mingine, kiyoyozi kimewashwa, mama mdogo amelala, na mshale haukutikisika. Usiku mke wangu alichukua rula akaongeza safu mpya kwenye kurasa za gari, baada ya "kilichofanyika". Juu yake akaandika: "Kwa nini?"

Tangu hapo mimi ndiye ninayefungua boneti kila Jumamosi asubuhi, injini ikiwa baridi, na yeye anaandika. Mstari wa wiki iliyopita ni mfupi. Kilichofanyika: maji yamepimwa, yapo. Kwa nini: kwa sababu yanarudi.